Mazoezi ya Hadithi Fupi: Kuchambua "Saa Iliyorudi"

Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili (102/3) utajibu maswali manne, kila moja likiwa na alama 20. Watahiniwa wengi huiona hadithi fupi kuwa sehemu nyepesi kwa sababu husomwa kwa muda mfupi ikaisha. Hapo ndipo wanapopoteza alama. Hadithi fupi haina nafasi ya maneno ya kujazia; jambo likitajwa hata mara moja, limetajwa kwa sababu.

Hadithi ya safari ina mtego wake. Wasafiri wanaachwa na basi, begi linapotea, gari linaharibika njiani, na mwanafunzi anaorodhesha matukio hayo akidhani amejibu swali. Hajalijibu. Amesimulia tu. Katika hadithi iliyosukwa vizuri, kila mkwamo huwalazimisha wahusika kusema au kutenda jambo ambalo wasingelisema wala kulitenda kama safari ingekwenda salama. Kazi yako ni kulitafuta jambo hilo.

Hadithi ifuatayo imetungwa kwa ajili ya mwongozo huu. Haimo katika mkusanyiko mnaousoma darasani. Tumeigawa katika sehemu nne. Soma sehemu moja, simama, usome maelezo, ndipo uendelee. Uwe na penseli.

SEHEMU YA KWANZA

Basi liliwashusha Busia saa kumi na moja alfajiri. Baraka hakuwa amepata usingizi tangu Nairobi. Baba yake, Mzee Katana, alitangulia kushuka, akaipapasa ngazi ya mwisho kwa ncha ya kiatu kabla ya kuikanyaga.

"Nifuate," alisema. "Barabara hii nimeipita miaka ishirini na mitatu. Naweza kuvuka mpaka huu nimefumba macho."

Kondakta alikuwa akitangaza jambo kuhusu jengo la upande wa pili, lakini Mzee Katana alikuwa ameshashika njia. Aliwapita abiria wenzao, akapita chini ya bango kubwa la samawati lenye mshale, akaingia katika jengo la upande wa Kenya na kusimama kwenye foleni. Baraka alilisoma bango. Lilisema wanaotoka Kenya wavuke hadi upande wa Uganda. Alifungua mdomo amwambie, akamwona baba yake amenyoosha mgongo, pasipoti mbili mkononi, kidole gumba kikipita juu ya jalada la moja kisha la nyingine. Akafunga mdomo. Acha ajionee, alijiambia. Si anajua kila kitu?

Foleni ilichukua dakika hamsini. Walipofika dirishani, afisa alizifungua pasipoti akacheka bila ubaya. "Mzee, hapa ni wanaoingia. Siku hizi wanaotoka wanagongewa mihuri yote miwili kule ng'ambo."

"Tangu lini?"

"Miaka mingi, Mzee."

Walipomaliza kule ng'ambo kulikuwa kumekucha, na mahali basi lilipokuwa limesimama mwanamke alikuwa akipanga ndizi za kuuza. Begi lao lilikuwa limekwenda na basi Kampala.

"Ungelitazama bango tu, Baba," Baraka alisema.

Mzee Katana hakujibu. Aliuliza, "Takisi za Kampala zinaegeshwa upande gani?"

Simama hapa.

Ukiulizwa sasa hivi sifa ya Mzee Katana, utaandika "mwenye majivuno", na utakuwa na ushahidi: hamsikilizi kondakta, anajisifu kwamba anaweza kuvuka mpaka akiwa amefumba macho. Andika hivyo, lakini kwa penseli. Kuna mambo matatu madogo ambayo hayahusiani na majivuno hata kidogo. Anaipapasa ngazi kwa kiatu. Anazitambua pasipoti kwa kidole gumba. Na baada ya kuachwa na basi anauliza takisi ziko upande gani, ilhali mtu aliyeipita barabara hii miaka ishirini na mitatu angeinua macho tu akatazama. Tia alama penye mambo hayo.

Halafu jiulize: ni nani aliyesababisha kuachwa na basi? Jibu la haraka ni Mzee Katana. Lakini Baraka alilisoma bango. Alijua. Alinyamaza kwa dakika hamsini kusudi baba yake aumbuke. Wanafunzi wengi hulipita jambo hili kwa sababu wanaiona hadithi kwa macho ya kijana, na kijana huyu ni wa rika lao.

Ufafanuzi mdogo wa mandhari, ili usikwame: Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Katika mfumo huo, msafiri hasimami tena pande mbili. Huhudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili katika jengo la nchi anayoingia. Mzee Katana aliacha udereva kabla ya hapo, kwa hiyo mazoea yake yalikuwa sahihi kwa wakati wake. Nako Uganda, gari dogo la abiria tunaloliita matatu huitwa takisi.

SEHEMU YA PILI

Takisi ilikaa saa nzima ikisubiri kujaa. Walifika Kampala saa nane mchana wakiwa na njaa. Katika ofisi ya basi, begi lao lilikuwa limetupwa pembeni, zipu wazi.

"Angalia kama kuna kilichopotea," baba yake alisema.

Baraka alitoa nguo moja baada ya nyingine. Chini kabisa, ndani ya soksi, alikuta kitambulisho cha Rwanda kilichochakaa pembe. Kijana wa miaka ishirini na kitu alimtazama kutoka kwenye picha. Damascène. Baraka aliitazama pua ya yule kijana, pana na iliyopinda kidogo kushoto, kisha akaitazama pua ya baba yake.

Shangazi alikuwa amesema jikoni, akidhani Baraka amelala: miaka ishirini na mitatu barabarani, mwanamume akose nyumba ya pili Kigali? Muulizeni basi ni nani anayetumiwa pesa huko kila mwaka.

"Vyote vipo?" baba yake aliuliza.

"Vyote vipo." Alikirudisha kitambulisho ndani ya soksi.

Basi la Kigali lililopaswa kuondoka saa kumi na moja jioni liliondoka saa moja usiku. Hawakuzungumza.

Simama tena, ingawa kwa muda mfupi.

Hapa kuna mbinu rejeshi (maneno ya shangazi) na taharuki. Hilo ni rahisi. Lililo gumu ni hili: je, sasa tunajua kwamba Mzee Katana ana familia nyingine Kigali? Hatujui. Tunajua kwamba shangazi anasema hivyo, na kwamba Baraka anaanza kuamini. Msimulizi ni wa nafsi ya tatu, lakini amejifunga kwenye mabega ya Baraka. Anachokiona Baraka ndicho tunachokiona. Ukiandika katika mtihani kwamba "Mzee Katana ana mke wa pili", utakuwa umegeuza uvumi wa mhusika kuwa ukweli wa hadithi. Kosa hili hutokea mara nyingi sana.

SEHEMU YA TATU

Saa sita usiku ilipokaribia, mkanda wa feni ulikatika. Dereva alisema watakaa saa mbili. Nje kulikuwa na malori yaliyopangana kando ya barabara, na moshi wa makaa.

Mzee Katana alinusa hewa. "Lyantonde," alisema, kabla mtu yeyote hajautaja mji. Aliongoza njia, safari hii polepole, mkono mmoja ukigusa ubavu wa lori moja hadi jingine, mpaka kwenye kibanda cha chakula. Mwanamke aliyekuwa akipakua matoke aliinua kichwa.

"Ssebo dereva! Tulisikia umekufa."

"Bado."

Aliwapakulia matoke na mchuzi wa karanga, akakataa pesa. Akamtazama Baraka. "Huyu ni wako wa kuzaa. Yule mwingine yuko wapi? Yule wa Kigali, utingo wako aliyekuwa akikusomea barabara?"

Mzee Katana aliweka kijiko chini.

"Alikuwa anamsomea kila kitu," mwanamke alimweleza Baraka huku akicheka. "Daraja, kona, mizani, ng'ombe. Mimi nilidhani ni mchezo wao."

Baba yake aliinuka, akajigonga goti kwenye benchi, akatoka nje. Mwanamke alinyamaza. Alifunga karanga katika mfuko wa plastiki akampa Baraka bila neno.

Baraka alibaki akiitazama sahani. Lilimjia lile bango la samawati, kubwa kama mlango wa gereji.

Hapa ndipo penye mgeuko wa hadithi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Rudi kwenye alama zako za penseli. Ngazi, kidole gumba, takisi: Mzee Katana haoni vizuri. Hakulidharau lile bango, hakuliona. Tazama linalotokea sasa kwa kauli "naweza kuvuka mpaka huu nimefumba macho". Mwanzoni ilikuwa majigambo. Sasa ni kinaya, kwa sababu kwa kiasi kikubwa ndivyo alivyokuwa akivuka. Mwanafunzi anayeandika "kuna kinaya" hupata alama ya kutaja. Anayeonyesha jinsi maneno yaleyale yalivyobadilika maana kati ya Busia na Lyantonde hupata alama ya ufafanuzi. Alama nyingi ziko kwenye ufafanuzi.

Linganisha pia jinsi Mzee Katana anavyotembea Busia na anavyotembea Lyantonde. Busia anakwenda kwa haraka na kupotea. Lyantonde anakwenda polepole kwa mkono na pua, na anafika. Mji huu, ulio kati ya Masaka na Mbarara, ni kituo mashuhuri cha madereva wa malori, na hadithi inautumia kuonyesha kwamba mzee huyu kweli anaijua barabara. Hakuwa akidanganya. Ana ujuzi wa miaka mingi usio na macho tena.

Kuna mwanafunzi atakayeuliza: mama wa kibanda ana umuhimu gani, ikiwa anaonekana mara moja tu? Ni mhusika mdogo, lakini yeye ndiye anayefungua siri, na anaifungua bila kujua. Kumbuka pia neno lake "wako wa kuzaa". Linamtenganisha Baraka na yule wa Kigali. Shaka ya shangazi imeanza kulegea, ingawa Baraka mwenyewe bado hajalitambua hilo, anafikiria bango.

SEHEMU YA NNE

Katika mpaka wa Gatuna maafisa walikuwa wakikagua mizigo wakitafuta mifuko ya plastiki. Baraka alizimimina karanga ndani ya kofia yake. Kondakta alipitisha karatasi ya kuandika majina na namba za pasipoti. Mzee Katana alimpa Baraka bila kuitazama.

"Niandikie."

Baraka aliandika. Kisha akauliza, "Tangu lini, Baba?"

Ilichukua muda. "Miaka miwili kabla ya ajali. Kwanza usiku, halafu hata mchana, pembeni. Ningesema, kazi ingekwisha. Dada zako walikuwa na karo." Alizipanga pasipoti, moja juu ya nyingine. "Damascène aliniambia tulale Kabale. Kuna ukungu, alisema, hata mimi sioni. Nikamwambia barabara hii naweza kuipita nimefumba macho."

"Nyumbani mlisema ilikuwa mvua."

"Haikunyesha."

Saa ya mkononi ya Mzee Katana ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Simu ya Baraka iliandika saa kumi na moja na nusu.

"Saa yako iko mbele, Baba."

"Huku wanakurudishia moja. Damascène alikuwa akinitania hapa kila safari: umepoteza ngapi njiani, Mzee? Chukua moja." Hakuirudisha saa yake nyuma.

Basi lilihamia mkono wa kulia wa barabara. Mguu wa Mzee Katana ulikanyaga sakafu, mahali pasipo na breki.

Nyabugogo kulikuwa kumeshajaa watu. Mwanamke aliyevaa kitenge cha kijani alikuwa amesimama kando ya kibanda cha tiketi pamoja na mvulana wa miaka kama kumi na miwili. Pua ya mvulana ilikuwa pana, imepinda kidogo kushoto. Baraka alimshika baba yake kiwiko.

"Amekuja?"

"Amekuja. Na mtoto."

Mzee Katana alisimama, mkono ndani ya koti, juu ya bahasha ya pesa za ng'ombe wawili. "Na yeye anajua ilikuwa mvua," alisema. "Nimekuja kumwambia." Watu waliwapita huku na huku. "Baraka. Nisomee uso wake."

MAELEZO

Anwani. Ukiulizwa kuhusu ufaafu wa anwani, anza na maana ya wazi. Rwanda iko nyuma ya Kenya na Uganda kwa saa moja, kwa hiyo anayeingia Rwanda kutoka Uganda hurudisha saa yake nyuma. Baada ya siku nzima ya kupoteza saa (Busia, kwenye takisi, Kampala, Lyantonde), mpaka unawarudishia moja. Kisha ingia ndani zaidi. Damascène alikuwa akilifanyia mzaha jambo hili, na Damascène amekufa. Yeye hatarudishiwa kitu. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, Mzee Katana haigusi saa yake. Saa hapa ni ishara. Usiishie kuandika "saa ni ishara ya wakati", maana hilo halimwambii mtahini lolote.

Mguu na breki. Nchini Rwanda magari huenda upande wa kulia wa barabara, tofauti na Kenya na Uganda. Gari linapobadilisha upande, mguu wa dereva mstaafu unatafuta breki. Msimulizi anatumia sentensi moja tu na haelezi. Hata hivyo, kumbuka Mzee Katana ametoka kusema nini dakika chache kabla: kwamba aliambiwa wasimame Kabale, akakataa. Mguu huo unafunga breki miaka kumi baadaye, mahali pasipo na breki. Ni taswira nzito kuliko zote katika hadithi hii, na wengi huipita.

Pua. Pua ya kwenye kitambulisho inamtia Baraka shaka. Pua ya mvulana wa Nyabugogo inaiondoa. Mvulana ni mtoto wa Damascène. Hadithi haisemi hivyo waziwazi, lakini imetupa ushahidi wa kutosha: kitambulisho, umri wa mtoto, maneno "na yeye anajua ilikuwa mvua". Ukiandika kwamba mvulana ni mtoto wa Mzee Katana, mtahini atakuuliza ushahidi, nawe hutakuwa na mwingine zaidi ya uvumi wa jikoni.

Mzee Katana. Ni mhusika mkuu, na sifa zake zinagongana. Ni msiri: aliwaficha waajiri, aliificha familia, alimficha hata mtoto aliyekaa naye kiti kimoja. Ni mwenye majuto. Ni mzazi anayejitolea, kwa kuwa aliendelea kuendesha kwa sababu ya karo. Ila hapa tahadhari. Usilitumie jambo la karo kumsafisha. Alijua haoni, alionywa, na mtu akafa. Karo inaeleza kwa nini alifanya hivyo. Haifanyi kitendo chenyewe kuwa sawa. Anachofanya sasa, yaani kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja akiwa haoni vizuri ili akaseme ukweli ambao hakuna aliyemlazimisha kuusema, ni uwajibikaji. Mtu huyuhuyu ana woga na ujasiri. Swali likikuuliza sifa sita, weka pande zote mbili.

Kuhusu majivuno uliyoyaandika kwa penseli, usiyafute. Yamo, lakini yalikuwa pazia la kufunika upofu unaoingia.

Baraka. Ni mwepesi wa kuhukumu na ni mwenye shaka. Pia, tuseme ukweli, ana ukatili kidogo kule Busia. Mabadiliko yake hayaelezwi kwa maneno. Yanaonekana kwa mikono. Busia anamfuata baba yake nyuma akiwa amenyamaza. Gatuna anaandika kwa niaba yake. Nyabugogo anamshika kiwiko. Mwanafunzi mzuri atalifuata jambo hili hatua kwa hatua. Wapo watakaosema jina Baraka ni majazi. Unaweza kulijaribu, lakini hadithi yenyewe haikupi msaada mkubwa. Heri utumie nafasi hiyo kwa hoja yenye mizizi.

Maudhui. Uhusiano wa mzazi na mtoto ndio uti wa mgongo. Siri na gharama yake, majuto, uwajibikaji, hatari za kazi ya udereva wa masafa marefu, mabadiliko ya nyakati: yote yanaingia. Kuna pia mwanafunzi atakayeandika ukurasa mzima kuhusu utangamano wa Afrika Mashariki, kwamba Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017 na kwamba mama wa Lyantonde anakizungumza. Ni kweli, na ni hoja moja halali. Isizidi aya moja. Karatasi hii ni ya fasihi.

Mwisho. Hadithi inaishia kwenye ombi lisilojibiwa. Baraka anaona nini usoni mwa yule mwanamke? Huo unaitwa mwisho wa wazi, na wanafunzi huuchukia. Hujaribu kuufunga wenyewe kwa kuandika "mwishowe mama yule akamsamehe". Hilo halimo. Unachoweza kueleza ni uzito wa ombi lenyewe. Neno "nisomee" lilikuwa la Damascène: yeye ndiye aliyesoma daraja, kona na mizani. Sasa limehamia kwa Baraka, na si bango anaombwa kusoma. Ni sura ya mjane wa mtu aliyeifanya kazi hiyo kabla yake.

SWALI NA JIBU

"Mikwamo ya safari katika 'Saa Iliyorudi' inafaidi zaidi kuliko inavyodhuru." Jadili. (alama 20)

Hii hapa aya dhaifu, ya aina inayoandikwa na wengi: "Basi lao liliharibika Lyantonde. Walikaa saa mbili. Mama wa kibanda aliwapa chakula. Hii ilikuwa faida kwa sababu walikuwa na njaa."

Linganisha na hii: "Kukatika kwa mkanda wa feni kunawashusha Lyantonde, mji ambao basi lingeupita usiku bila kusimama. Hapo mama wa kibanda anafichua, bila kukusudia, kwamba utingo wa Mzee Katana alikuwa akimsomea barabara. Baraka anatambua kwamba baba yake hakulidharau bango la Busia bali hakuliona. Hivyo mkwamo huu unamtoa Baraka katika kumlaumu baba yake na kumwingiza katika kumwelewa, na bila huo asingepata ujasiri wa kumuuliza 'Tangu lini?' kule Gatuna."

Aya ya pili ina tukio, ushahidi, na athari kwa uhusiano. Fanya vivyo hivyo kwa kuachwa na basi: bila hilo, begi lisingefika Kampala peke yake, lisingefunguliwa, na Baraka asingekiona kitambulisho. Fanya pia kwa ule mfuko wa plastiki, kama unaona una jambo la kusema. Sisi tunaona ni kitulizo tu baada ya usiku mzito, na si lazima kila kitu kipate alama mbili.

Neno "Jadili" linakutaka uutazame upande wa pili pia. Je, ipo mikwamo isiyofaidi? Kuchelewa kwa basi la jioni Kampala kunazidisha ukimya tu. Na ile ajali yenyewe, ambayo nayo ni mkasa wa safari, haina faida kwa mtu yeyote. Hoja ya mwisho hiyo ni nzuri sana, na ni watahiniwa wachache wangeikumbuka.

DONDOO

"Haikunyesha."

(a) Eleza muktadha wa dondoo hili. (alama 4)

Msemaji ni Mzee Katana. Anamwambia mwanawe, Baraka. Wako katika mpaka wa Gatuna kabla ya kuingia Rwanda. Baraka amemkumbusha kwamba nyumbani walielezwa ajali ilisababishwa na mvua, naye anaukana uongo huo.

(b) Kauli hii ina neno moja tu. Eleza jinsi ufupi wake unavyochangia kuijenga hali ya msemaji. (alama 4)

(c) Fafanua athari za uongo unaorejelewa kwa wahusika watatu. (alama 12)

Sehemu (b) na (c) tumekuachia. Kwa (c), usimsahau mvulana wa Nyabugogo. Ameishi na uongo huo karibu maisha yake yote.

MASWALI ZAIDI

1. "Baraka ndiye aliyewachelewesha Busia." Thibitisha au ukanushe kwa hoja tano. (alama 10)

2. Eleza jinsi msimulizi anavyotumia mikono, miguu na pua kuwajenga wahusika. (alama 10)

3. Linganisha nafasi ya Damascène na nafasi ya Baraka katika maisha ya Mzee Katana. (alama 20)

4. Andika upya sehemu ya mwisho kwa mtazamo wa mwanamke wa kitenge cha kijani, kuanzia anapomwona mzee akishikwa kiwiko hadi mzee anaposimama. Usipitishe ukurasa mmoja, na usimfanye azungumze.